Kiwavi Mbele ya Kamati

Nimestaafu. Nilikatiwa keki ngumu kama jiwe la kusagia, nikapewa blanketi na chupa ya chai, na zikatolewa hotuba zilizodai kwamba mimi ni mtu mpole, mpaka wanaonijua wakaanza kukohoa. Tangu siku hiyo nyinyi walimu wachanga wa nasari mmekuwa mkiniuliza: zamani, kabla ya hizi picha zenu za kwenye simu, mlimfundishaje mtoto kwamba kiwavi hugeuka kipepeo? Nitawaambia. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Vyeo sikupata, na mshahara ukiuandika karatasi yenyewe inacheka.

Kwanza mjue mimi ni zao la gumbaru. Shule ya mchana niliiacha darasa la saba, nikairudia ile ya jioni ya watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni. Dawati moja nilikaa na mzee ambaye hakutaka elimu nyingine yoyote ila kusoma mizani ya kiwanda cha kahawa. Siku alipoweza kuisoma aliondoka bila kuaga, na nasikia pale kiwandani walimwogopa kuliko mkaguzi. Mimi nilibaki mpaka nikapata cheti cha sekondari. Taa ya karabai ilikuwa moja, na mbu walihudhuria masomo kuliko sisi. Sitashangaa kama wako waliofaulu.

Miaka ya tisini ikianza nikapata kazi kule Kiambere, upande wa Embu, nasari iliyokuwa ndani ya kanisa la mabati. Joto lake lingechemsha chai ukiiacha dirishani. Watoto wa kule waliweza kukuambia mbuzi ana umri gani kwa kumtazama meno, lakini krayoni hawakuwa wameiona. Siku yangu ya kwanza nilitoa pakiti mpya, na kabla sijamaliza kueleza, mtoto mmoja alikuwa amekula ile nyekundu. Nikapiga kelele kama nimeona chatu. Mwalimu Ciambaka, mama wa Kimbeere aliyekuwa mkuu wangu, hata hakuinuka.

"Usimpigie kelele," alisema. "Muulize ina ladha gani. Hilo ni somo."

Nikamuuliza. Akasema ni tamu lakini si kama ile ya manjano. Ndipo nikajua ya manjano nayo imekwenda.

Ciambaka ndiye aliyenifundisha kutengeneza kitabu cha picha. Unachukua karatasi za mfuko wa simiti, unazikung'uta mpaka upige chafya, unazinyoosha chini ya godoro. Kijani unapata kwa kusugua majani, nyeusi ni makaa, nyekundu ni udongo wa barabarani. Picha unabandika kwa gundi ya unga wa mahindi, na hapa msikilize vizuri, maana kozini hawasemi: hiyo gundi ni ugali. Panya wanajua ni ugali. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha wanyama wa nyumbani, na Jumatatu nilipofika nikakuta ng'ombe wote wameliwa, amebaki paka peke yake. Ciambaka akanionyesha dawa yake: kamulia maji ya shubiri ndani ya gundi. Panya akionja mara moja, anahamia darasa lingine.

Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi, ile ile ambayo wakufunzi wetu wa kozi za likizo pale Embu waliitia mpaka kwenye salamu: anza na kile mtoto anachokijua, ndipo umpeleke kwa asichokijua. Usimwonyeshe mtoto wa Kiambere barafu. Mwonyeshe chumvi kwanza. Niliishika hiyo sheria kama amri ya kumi na moja. Ngojeni muone ilivyonilipa.

Baadaye nikahamia kwetu Meru, nasari iliyokuwa ubavuni mwa shule ya msingi, chini ya Nkubu, barabara inapoanza kuteremkia Mitunguu. Huko hatukuwa maskini wa vitabu. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wameleta sanduku zima la vitabu vya picha, na Mwalimu Mkuu alivipenda sana. Alivipenda hata akavifungia kabatini kwa kufuli mbili, watoto wasije wakavishika. Vilitolewa wageni wakija, vikapangwa mezani na kitambaa, watoto wakapigwa picha wakiwa wamevishika kichwa chini miguu juu, kisha vikarudi jela.

Mimi nilikuwa namalizia kozi yangu ya likizo ya ualimu wa nasari. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: mratibu wa nasari aje kutoka mjini Meru, akae darasani, anione nikifundisha somo la badiliko la kipepeo kwa kitabu cha picha. Nikipita, cheti. Nisipopita, au nikifukuzwa kabla hajafika, likizo zangu zote nilizolala kwenye mabweni ya watu huku wanangu wakila kwa majirani zilikuwa zimekwenda na upepo. Na kufukuzwa lilikuwa jambo jepesi, maana mwalimu wa nasari alikuwa wa wazazi. Kamati ya wazazi ilikuandika ikiwa imeketi, na ingeweza kukufuta ikiwa imesimama.

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba kitabu cha kipepeo.

"Umenawa?" aliniuliza.

"Nimenawa, Mwalimu."

"Na watoto?"

"Hao nao watanawa."

"Watoto hawanawiki," akasema. "Kitazame hapa hapa."

Nikakitazama nikiwa nimesimama, yeye akinifungulia kurasa kwa ncha ya kucha. Yai juu ya jani. Kiwavi mnene. Halafu kitu fulani cha kijani kinaning'inia kwenye tawi, nyuma yake theluji, na mtoto wa kizungu mwenye kofia ya manyoya amekodoa macho. Mwisho kipepeo. Nikarudi nyumbani kukichora changu kwa kumbukumbu, juu ya mifuko ya simiti, na shubiri ndani ya gundi.

Yai nililichora vizuri. Kiwavi nilimchora vizuri zaidi, maana wa kwetu yupo kwenye kila mlimau, tena anatoa pembe nyekundu zenye harufu ukimgusa. Kipepeo nilimpaka rangi mpaka angeweza kuruka mwenyewe. Lakini kile kifuko cha kijani! Nilichora kikawa kama ndizi. Nikachora tena kikawa kama soksi. Hapo nikakumbuka sheria ya Ciambaka. Mtoto wa hapa anajua nini kinachoingiwa na mtu, kikafungwa, mtu akakaa humo kimya, akatoka akiwa mwingine kabisa?

Ilikuwa Septemba, shule imefunguliwa. Agosti kwetu ndio msimu wa kutahiri vijana, na wengine walikuwa bado ndani ya vibanda vyao wakipona, hawaonwi na mama wala dada, wanatembelewa na wanaume waliopitia humo tu. Yanayosemwa mle ndani hayasemwi nje. Kila mtoto wa darasa langu alijua kibanda kama hicho. Basi nikachora kifuko changu kama kibanda kidogo cha mviringo, kimefungwa mlango, kinaning'inia kwenye mlimau.

Nilipofungua ukurasa huo, darasa zima lilinyamaza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu shule ijengwe. Kisha Mutuma, mtoto wa miaka sita ambaye kaka yake alikuwa kibandani wakati huo huo, akainuka taratibu.

"Ticha, kiwavi ameenda kutahiriwa?"

"Hapana, Mutuma. Amejifungia kubadilika."

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema, akawageukia wenzake kwa sauti ya mtu aliyeishi miaka mingi. "Ameenda kutahiriwa."

Nilikuwa pia nimeweka kiwavi halisi kwenye chupa ya jemu na kijiti, nikafunika kwa kipande cha neti. Alipojifunga kwenye kijiti chake akawa kifuko, shughuli ikaharibika kabisa. Wavulana waliizunguka ile chupa kama askari wa benki. Wasichana walikatazwa kusogea. Kananu, binti mdogo mwenye maswali mengi kuliko maneno ya kamusi, alijaribu kuchungulia, akaambiwa arudi nyuma, hapa si pa akina mama. Kila asubuhi nilikuta chakula kando ya chupa: uji wa wimbi, kipande cha ndizi iliyopondwa, siku moja mguu mzima wa kuku ambao sikuuliza umetoka nyumba gani. Mtu aliye ndani lazima ale vizuri. Nilipowaambia kifuko hakili, Mutuma alinionea huruma. Ningejuaje mimi, mwanamke?

Yote hayo yangeishia darasani kama Mutuma hangemwendea babu yake jioni, mbele ya wageni, akamwambia kwamba mambo ya kibandani yeye sasa anayajua yote, ticha wao amewaonyesha kitabuni.

Babu yake alikuwa Mzee M'Inoti. Na Mzee M'Inoti alikuwa mwenyekiti wa kamati.

Nikaitwa. Kamati ilikaa ndani ya darasa langu, kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Walikuwapo wazee, Mwalimu Mkuu, na wawakilishi wa akina mama wakiongozwa na Mama Kathure, mkulima wa ndizi kutoka Mitunguu ambaye sauti yake iliweza kusimamisha lori bila yeye kuinua mkono. Mzee M'Inoti alikuwa pia mzee wa kanisa, kwa hiyo alifungua kwa maombi.

"Ee Bwana," aliomba, "tumekusanyika kwa sababu ya jambo. Wewe jambo lenyewe unalijua. Tusaidie tulizungumze bila kulisema. Amina."

"Amina," tukasema, na Mama Kathure akafungua jicho moja.

"Mwalimu," mwenyekiti akaanza, "tumesikia umewaambia watoto kitu."

"Kitu gani, Mzee?"

"Kile."

"Kile kipi?"

"Mwalimu, usitupeleke mbali. Unakijua."

"Mimi nimefundisha yai, kiwavi, kifuko na kipepeo. Mwovu ni yupi hapo?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema mwovu si wa kwanza wala wa pili wala wa nne. Mwingine akamkanyaga mguu.

Mama Kathure akainuka, kiti cha mtoto kikainuka naye kimemnasa.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Nimeacha wanunuzi wa ndizi barabarani. Huyu mwalimu amesema nini?"

"Mama, hilo wewe huwezi kuambiwa."

"Sasa nitamhukumu kwa kitu gani? Kwa viatu vyake?"

"Ninyi mtatoka nje kidogo, wanaume wazungumze, halafu mtarudi mpige kura."

"Sawa," akasema Mama Kathure. "Tutatoka. Lakini mwalimu naye ni mwanamke. Kama sisi hatuwezi kulisikia, yeye ataambiwaje kosa lake? Naye atoke."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Wakanong'ona, wakaona hakuna njia nyingine, nikatolewa nje pamoja na akina mama. Basi kesi yangu ikaendelea bila mimi. Tulikaa kwenye nyasi, akina mama wakimenya njugu, na kila mara Mwalimu Mkuu akitoka mlangoni akiwa na jasho.

"Wanauliza kama unakiri."

"Nakiri nini?"

Anarudi ndani. Anatoka tena.

"Wanasema hilo hilo."

"Waambie nakana hilo hilo."

Mama Kathure alicheka mpaka njugu zikamwagika. Lakini mimi nawaambia ukweli, kicheko changu kilikuwa cha mdomoni tu. Mratibu alikuwa anakuja wiki hiyo hiyo. Wale wazee mle ndani hawakuhitaji kulitaja jambo ili wanifute. Walihitaji kuinua mikono tu. Nilikaa pale nikijiona narudi kuchuma kahawa ya watu, na cheti changu kimebaki kwenye droo ya ofisi fulani bila jina.

Mama Kathure aliniona. Akakung'uta maganda, akaenda mpaka dirishani, akasema na walio ndani kwa ile sauti ya lori.

"Mwenyekiti! Mkimfukuza leo, kesho sokoni nitaulizwa na kila mama wa Nkubu amefukuzwa kwa nini. Nami nitawaambia sijui, waende nyumbani wakawaulize waume zao. Mmejiandaa?"

Nadhani kila mzee alikuwa anaiona sura ya mkewe.

Uamuzi ukatoka haraka sana baada ya hapo. Mwalimu atabaki. Kitabu kitabaki. Ila ule ukurasa utashonwa na ukurasa wa kiwavi ulio kabla yake, kwa uzi wa katani, pande zote, usifunguke. Na ile chupa haiwezi kukaa mahali penye wasichana, kwa hiyo itahifadhiwa na mtu anayefaa. Mzee M'Inoti akaibeba mwenyewe hadi kwake, mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtungi wa maziwa. Akaiweka juu ya redio. Wiki mbili baadaye yeye akiwa kwenye maombi ya kanisa, kipepeo akatoka. Aliyemwona mwanzo mpaka mwisho ni mke wake, aliyekuwa anapangusa vumbi.

Nami jioni ile ile ya kesi nikashona. Nilitumia sindano ya magunia, nikiomba Mungu aniepushe na maneno niliyotaka kuyasema.

Mratibu akaja. Mtu mkubwa, tai fupi, kalamu nyingi mfukoni. Akakaa kwenye kiti cha mtoto kando ya dirisha. Nyuma kabisa akaketi Mzee M'Inoti, aliyesema amekuja kumkaribisha mgeni, lakini macho yake yalikuwa kwenye uzi. Nikafundisha. Yai, watoto wakajikunja. Kiwavi, wakatambaa sakafuni wakitafuna majani ya hewa. Nikageuza karatasi nene iliyoshonwa, nikatua moja kwa moja kwenye kipepeo. Wakapiga mbawa. Nikadhani nimevuka.

"Subiri, Mwalimu," mratibu akasema. Akaja mbele, akashika ile karatasi nene, akaibonyeza. "Hapa katikati pameruka kitu. Kiwavi haruki tu akawa kipepeo. Mbona pameshonwa?"

Nilifungua mdomo. Nyuma, Mzee M'Inoti alikohoa. Nikaufunga.

"Watoto," mratibu akasema kwa ile sauti tamu ya wageni, "nani ataniambia? Kiwavi alikwenda wapi hapa?"

Hakuna mkono. Nilikuwa tayari nimeshaanza kukiaga cheti changu. Ndipo Mutuma akainuka. Akamtazama yule bwana kuanzia viatu, akapanda polepole, tumbo, tai, mpaka kichwani.

"Kwani wewe," akamuuliza, "hujaenda?"

Nawaambia nyinyi, mtu mzima wa Kimeru, mwenye mke na gari la serikali, akiulizwa hivyo mbele ya mzee wa rika la babake, hana nafasi ya kufikiria. Jasho lilimtoka kama bomba limepasuka. Alimtazama Mutuma, akamtazama Mzee M'Inoti, akautazama ule uzi. Nikaona jambo zima likimwingia kichwani, kidogo kidogo.

"Nimeenda," alisema, wima kabisa.

"Basi unajua," akasema Mutuma, akaketi.

Mratibu akarudi kwenye kiti chake. Hakuuliza swali jingine. Akaandika, akaandika, akageuza karatasi akaandika na nyuma. Mzee M'Inoti alimshika mkono kwa muda mrefu mno, wakatoka pamoja wakinong'ona kama wakwe. Ripoti ilisema somo langu lilikuwa na heshima ya pekee kwa mila za jamii, na kwamba walimu wengine waje kujifunza kwangu. Cheti nilikipata. Mwenzangu wa kozi niliyempita kwa alama alikuwa amekuja na kitabu cha dukani chenye kurasa zote.

Siku ile nilisimama mlangoni mpaka gari la mratibu likakata kona, na kofia ya Mzee M'Inoti ikazama kwenye shamba la kahawa. Niliporudi ndani nilimkuta Kananu amesimama mbele ya kitabu, mikono nyuma, anaukagua ule uzi.

"Ticha, wavulana wakiwa wakubwa wataambiwa cha hapa."

"Ndiyo."

"Na sisi tutaambiwa lini?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kwenye gumbaru, kwa Ciambaka, kwenye kozi zote za Embu. Kisha nikachukua wembe wa kuchongea penseli, nikakata uzi pande zote. Karatasi ikafunguka. Wasichana wakaja mbio, wavulana wakasimama mbali kidogo wamefunga macho, vidole vimeachana. Kananu akasogeza pua yake karibu na kile kibanda changu cha makaa na majani. Akatazama juu, akatazama chini, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma. Kulikuwa na maandishi ya kampuni ya simiti.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

"Ni hivyo tu."

Akawatazama wavulana kwa muda, akapangusa pua kwa mkono, akatoka nje kucheza.